Bei ya Mfumo Isitajwe Gizani

Kila mwaka, wizara na halmashauri zinapoandaa makadirio ya fedha kabla ya tarehe 1 Julai, huletwa mezani maombi ya kutengeneza mifumo ya kompyuta: ya mapato, ya dawa, ya leseni, ya kumbukumbu za watumishi. Kila ombi hutakiwa kutaja mambo mawili, nayo ni gharama yote mpaka senti ya mwisho, na siku ya kukabidhi kazi. Sisi tunaona kwamba desturi hiyo, ingawa imekusudiwa kulinda fedha za umma, mara nyingi ndiyo inayozipoteza.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Mwenye kujenga zahanati huweza kuhesabu vyumba, saruji na mabati kabla ya kuchimba msingi. Mwenye kutunga programu ya kompyuta hana hesabu hiyo, kwa kuwa hata watakaoitumia hawajui barabara wanachokihitaji mpaka wakione kikifanya kazi. Mtaalamu wa Kimarekani, Barry Boehm, alieleza mwaka 1981 kwamba makadirio yanayofanywa mwanzoni kabisa mwa kazi ya namna hii yaweza kukosea mara nne, juu au chini. Iliyodhaniwa kuwa kazi ya shilingi milioni 100 yaweza kuwa ya milioni 400, au ya milioni 25. Afisa anayelazimishwa kutaja bei moja katika hali hiyo anabahatisha, kisha bahati nasibu yake inatiwa sahihi na kuitwa mkataba.

Tumfikirie muuguzi wa zahanati ya mlimani upande wa Ukata, wilayani Mbinga, au wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa kati ya Lituhi na Mbamba Bay. Huandika wagonjwa katika vitabu vya MTUHA, hujumlisha mwisho wa mwezi, na taarifa zake huenda wilayani. Mvua zinaponyesha njia huteleza, umeme na mtandao navyo havina ahadi. Mfumo uliobuniwa mjini, unaomtaka awe hewani saa zote, kwake ni mzigo. Jambo hilo halionekani katika karatasi za zabuni. Huonekana siku ya kwanza anapoujaribu. Siku hiyo ikiwa katika mwezi wa tatu, marekebisho ni madogo. Ikiwa katika mwaka wa tatu, ni kuvunja nyumba na kujenga upya. Ndugu zetu wa Tumbatu na Kojani wanalifahamu jambo hili bila ya kuelezwa.

Visiwa vyetu vina mfano mwema. Kuanzia mwaka 2005, Wizara ya Afya ya Zanzibar iliushika mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS, uliozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Haukukabidhiwa kama sanduku lililofungwa. Kila baada ya miezi mitatu watumishi wa wilaya walikutana, wakaonyeshana takwimu zao, wakasahihishana, wakapendekeza fomu zipi zipunguzwe na zipi zirekebishwe. Mfumo ukabadilika kufuata kazi, nao watumishi wakajifunza kuzitumia takwimu walizozikusanya. Baadaye toleo jipya, DHIS2, lilienea Bara, na katika mwaka 2013 likawa limefika nchi nzima.

Utaratibu huu wa hatua fupi fupi ndio wataalamu wanaouita ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Lakini tusijidanganye. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mzabuni mjanja aweza kuligeuza neno hilo kuwa ruhusa ya kudai fedha kila mwezi pasipo mwisho. Hatua fupi bila kikomo ni hatari sawa na bei ya kubahatisha.

Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliujua uchungu huo. Mwaka 2005 iliutupa mfumo wake wa majalada baada ya kupoteza dola milioni 170 hivi. Ikaanza mwingine, uitwao Sentinel, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa imetumia dola milioni 405 kati ya 451, huku hatua mbili tu kati ya nne zikiwa zimekabidhiwa. Hapo ikaichukua kazi mikononi mwake, ikaigawa katika vipande vya wiki chache chache, na mwaka 2012 mfumo ukaanza kutumika bila kikomo cha ujenzi kuvukwa.

Kwa maoni yetu, viongozi wahusika wa Bara na Zanzibar wafanye mambo manne. Kwanza, waweke kikomo cha fedha na cha muda, lakini wasifunge mapema orodha ya kila kitakachotengenezwa. Pili, kila miezi mitatu kikabidhiwe kitu kinachotumika kweli, wala si ripoti. Tatu, lenye mashaka makubwa lijaribiwe kwanza, tena mahali pagumu: Ukata kabla ya Dodoma, Kojani kabla ya mjini Unguja. Malipo yafuate ushuhuda wa watumiaji. Nne, afisa anayesimamisha kazi isiyo na matumaini baada ya hatua ya pili asihesabiwe kuwa ameshindwa. Huyo ameokoa fedha za hatua nane zilizobaki, naye anastahili shukrani.

Fedha hizi ni jasho la mkulima wa kahawa wa Mbinga na la mchumaji karafuu wa Pemba. Nahodha anayeingia maji asiyoyajua hupima kina kila anaposogea, huku akijua chakula na maji aliyopakia yanatosha siku ngapi. Hatutaki zaidi ya hayo kwa wanaoshika mfuko wa umma. Wala hatutakubali pungufu yake.