Kilichooza Kitolewe, Kisipakwe Juu

Katika kutano letu lililopita, ndugu yetu mmoja aliyeishi miaka mingi kule Ubelgiji alitusimulia kazi aliyokuwa anafanya Antwerp: kubadilisha vioo vya boti za matanga. Watu walicheka. Mzee mmoja akasema: "Sisi watu wa Komanda, boti ya tanga tutaifanyia nini? Hapa hata ziwa hakuna. Tuongee desturi." Na kutano likapita kwa jambo lingine.

Mimi pia nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani maneno ya yule ndugu hayakuniacha, na leo ninaandika kwa kumjibu mzee wetu kwa heshima yote. Ninasema hivi: siku ile yule ndugu njo alikuwa anaongea desturi, na sisi tuliocheka njo tumeisahau.

Tukumbuke alisema nini. Juu ya boti za namna ile kuna vifuniko vyenye kioo, vya kuingiza mwanga chini fasi watu wanalala. Si kioo cha nyumba, ni plastiki ngumu. Jua linaipiga miaka na miaka mpaka inakuwa nyeupe sawa jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Kisha inapata nyufa ndogondogo, na maji yanaanza kupita pembeni. Mwenye boti anayeogopa gharama anapaka gundi juu ya ufa. Inakauka, inapendeza macho, na mvua ya kwanza maji yako ndani. Bwana wake wa kazi alikuwa anakataa kabisa namna ile. Alisema: toa kioo chote. Kwaruza gundi ya zamani mpaka fremu ibaki safi, kwani gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi kizee. Lalisha kioo kizee juu ya plastiki mpya, chora kwa kukifuata, kata. Tundu la skrubu lizidi skrubu kidogo, kwani plastiki inapanuka kwa joto, na ikikosa nafasi inapasuka. Tena skrubu usizikaze mpaka mwisho siku ya kwanza: ukikaza sana, gundi yote inakamuliwa nje, na hakuna kinachobaki cha kuzuia maji.

Ndugu wasomaji, haya ni maneno ya wazungu peke yao? Angalieni Wambuti wanaowinda kwa wavu. Kamba yake wanaisokota toka ganda la nkusa, mti wa kutambaa wa msitu wetu. Wavu unatoka kwa baba unaenda kwa mtoto. Nyama akipasua fasi moja, wanafuma fasi ile na kamba mpya. Miaka ikipita, ni kamba ngapi za kwanza zinabaki? Pengine hata moja. Na bado mtoto anasema: huu ni wavu wa baba yangu. Anasema kweli. Alichorithi kwa baba ni mkono unaojua kufuma, na mkono ule njo unaoweka wavu hai.

Hapo njo ninapogombana na wenzangu wa chama. Tunafikiri desturi ni kitu kizee cha kuweka kabatini na kuonyesha wageni siku ya sikukuu. Kitu kikichakaa, tunakuwa na njia mbili tu: kukitupa na kununua cha plastiki, ao kukipaka rangi juu na kujidanganya. Wakubwa wetu walikuwa na njia ya tatu: kutoa sehemu iliyokufa na kuacha sehemu nzima iishi.

Tena si kweli kwamba Komanda haina neno na boti. Sisi ni njia panda. Barabara ya Mambasa na ile ya Beni zinakutana hapa, na kutoka hapa njia inaenda Bunia mpaka Mahagi. Mbau za msitu wetu, libuyu na zingine, zinapita mbele ya milango yetu juu ya kamyo, zinaelekea Uganda na Kenya. Na kule Ziwa Albert, jirani zetu wa Uganda wakihesabu boti za uvuvi, kuna aina moja kubwa ya mbau, yenye tumbo bapa, wanayoiandika kwa jina la Kongo. Jina letu linaelea juu ya maji ya wengine, na sisi tunasema boti hazituhusu!

Lakini mtu ashuke ziwani aone. Mimi nimeona kwa macho yangu ubao umeoza, na mwenyewe amepigilia kipande cha manjanja juu yake, kisha akapaka gudroni. Manjanja haiponyeshi kitu, inaficha tu. Maji yanakamatwa katikati, ubao haukauki tena, unaendelea kuoza fasi hakuna anayeuona. Na misumari yenyewe inatafuta mti mzima wa kushika, haiupati.

Sisemi kwamba kila aliyekufa ziwani aliuawa na ubao. Mwezi wa tatu 2014, boti iliyobeba wakimbizi wetu waliokuwa wanarudi toka Uganda ilizama, na watu zaidi ya 200 walikufa. Ile ilikuwa imepakia kupita kipimo. Lakini anayezidisha watu na anayefunika ubao uliooza wana roho moja, ile inayosema: "Itatufikisha tu."

Watajibu: pesa hakuna, ubao ni bei. Kweli, ubao unapita bei ya kipande cha manjanja. Lakini manjanja utanunua kila mwaka, na mwisho utanunua boti nzima, ao sanduku la kuzikia mtu. Na aibu yetu ni hii: mbau za Ituri zinavuka mpaka kwenda kufanya meza za watu, na boti ya Ituri inazibwa na bati.

Wengine watasema: vita ilimaliza mafundi. Hilo ninakubali. Vita ya 1999 mpaka 2003, kisha mauaji ya Djugu toka mwisho wa 2017, vilitawanya watu, na wengi walivuka ziwa kukimbilia Uganda. Fundi akikimbia, anakimbia na vipimo vyake kichwani. Lakini hiyo ni sababu ya kuharakisha, si ya kukaa.

Wenzetu wa pwani walishalipa bei ya kukaa. Walikuwa na mtepe, chombo cha tanga kilichoshonwa na kamba za nazi pasipo msumari. Kamba zinachoka, basi ilipaswa kushona upya kila mara. Washonaji walipokwisha, mtepe nao ukaisha, katika karne ya 20. Miaka ya 2000 watu walipotaka kuujenga tena kwa ajili ya makumbusho ya Zanzibar, walilazimika kufuata mifano midogo na picha. Mkono uliojua ulikuwa umeshazikwa.

Basi ninaomba chama chetu mambo mawili. Kwanza, kila fundi anayebaki, wa boti, wa wavu, wa nyumba, apewe kijana mmoja, na chama kisaidie chakula cha kijana yule mpaka ajue kutoa ubao na kurudisha mwingine pasipo kuvunja wa jirani. Pili, tufungue kaye moja, tuandike majina ya kila kipande kwa lugha zetu na kwa Kiswahili, na namna ya kukibadilisha.

Na katika kutano linalokuja, yule ndugu apewe nafasi amalize maneno yake. Mzee wetu akae mbele. Na mimi niliyecheka nitakuwa na kaye mkononi.