Nani Apokelewe Kwanza?



Katika hospitali nyingi za nchi yetu, mama mwenye mtoto mgonjwa huketi kwenye benchi na kungoja zamu yake. Zamu hiyo hufuata saa ya kufika, mara nyingine uzito wa mfuko, mara nyingine jina la mjomba. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kumpa mtoto mgonjwa alama, kama mwanafunzi, ni kumvunjia heshima.

Tutazame kipimo chenye jina la Lambaréné, mji wa Gabon. Chauliza mambo matatu tu: je, mtoto amepoteza fahamu? Je, ameshindwa kuketi, au kunyonya ikiwa angali mchanga? Je, anavuta pumzi kwa kina na kwa shida? Kila ndiyo ni alama moja. Hakihitaji umeme wala maabara, wala hakiulizi baba ni nani. Kilitungwa kwa kuchunguza watoto zaidi ya 20,000 wenye malaria, waliolazwa katika hospitali za Afrika.

Lakini sisi walimu twajua: mtihani wenye maswali yaleyale ya zoezi la darasani haupimi kitu. Vivyo hivyo, kipimo kilichotungwa kwa watoto wa kule sharti kijaribiwe kwa watoto wa hapa. Katika milima ya Kivu hewa ni nyepesi, na oksijeni katika damu ya mtoto mwenye afya yaweza kuwa chini kidogo kuliko ya mtoto wa pwani. Utapiamlo nao hubadili dalili. Mazoea hayatoshi: mwaka 2011, uchunguzi wa watoto zaidi ya 3,000 huko Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha kwamba kuwatia maji mengi mishipani kwa haraka, jambo lililoaminiwa, kuliongeza vifo.

Mtatuuliza: je, Bwana Yesu hakusimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyeugua miaka 12, huku binti Yairo akikata roho? Alisimama. Lakini Yeye aliweza kumwinua binti aliyekufa. Sisi hatuwezi, ndiyo sababu twapaswa kuharakisha kwa mpango.

Jambo moja twalikataa kabisa: alama kutumiwa ili kumwacha mtoto. Mwenye alama tatu hajahukumiwa. Ndiye wa kwanza kupewa oksijeni, kama ipo. Asiye na alama hata moja naye atazamwe tena baada ya muda, kwa maana mtoto hubadilika upesi. Nanyi mnaotembelea wagonjwa siku ya Jumapili, mkimwona kwenye benchi mtoto asiyeweza kuketi, mwiteni muuguzi papo hapo.