Kazi ya Nyumbani: Anapimwa Mtoto au Mzazi?

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziko wazi: shule za kutwa zifundishe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Aprili 2023, Belio Kipsang, Katibu wa Elimu ya Msingi wakati huo, alitangaza kwamba kazi za nyumbani ni marufuku kwa watoto wa shule za msingi. Hapa Thika ninakoishi, mikoba ingali inarudi nyumbani imejaa.

Je, kazi hizi zina faida? Mwaka 2006, Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha mapitio ya tafiti nyingi. Kwa wanafunzi wa sekondari, wanaofanya kazi za nyumbani walionekana kufanya vyema zaidi. Kwa watoto wadogo, uhusiano huo ulikuwa hafifu.

Sasa tazama hali yetu. Mzazi wa Ruiru anayefanya kazi Nairobi anakwama kwenye foleni ya Thika Road, anaingia nyumbani usiku, na anakuta mtoto anasinzia akingoja picha za kuchapishwa na kubandikwa. Mwenye printa nyumbani atamaliza. Asiyekuwa nayo atakimbilia saiba, akiikuta wazi. Kesho mwalimu atatoa alama. Alama hizo ni za mtoto, au za mfuko wa mzazi?

Sisi Waislamu tuna jambo jengine. Mtoto akitoka shule, chuo kinamngoja. Akirudi baada ya Magharibi, kuna daftari mbili za hisabati. Kitu lazima kikatwe, na mara nyingi hukatwa usingizi au Qur'ani.

Watu husema, mtoto mwenye akili nyingi ndiye wa kuongezewa. Aongezewe nini? Aliyeelewa kugawanya kwa hesabu tano hapati kipya katika hesabu thelathini. Akimaliza mapema akapewa thelathini nyengine, atajifunza jambo moja tu: kufanya haraka ni kosa. Huyo mpe swali moja gumu la kumkunisha kichwa, au kitabu cha hadithi, kisha mwache.

Sisemi kazi ya nyumbani ifutwe kabisa. Wa sekondari anaihitaji, na mdogo kusoma kurasa mbili kwa sauti mbele ya mamake ni jambo jema. Lakini katika mkutano ujao wa wazazi, tuulize maswali matatu. Mtoto anaweza kuifanya peke yake? Itamchukua muda gani? Na mwalimu ataisahihisha? Kazi isiyosahihishwa haimwambii mtoto alipokosea, na mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hana muda wa kusahihisha kila kitu. Basi atoe chache anazoweza kuzisoma.

Jibu likiwa hapana, tuseme hapana, kwa adabu na kwa pamoja. Mzazi mmoja akilalamika, huonekana mvivu.