Ufa Ukishaonekana, Nani Ana Haki ya Kuamua?

Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilitokea ghafla katika jengo la Rana Plaza, huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Mhandisi aliitwa, akaangalia, akasema jengo halifai kukaliwa. Watu wakatolewa. Kesho yake asubuhi benki iliyokuwa ghorofa za chini haikufunguliwa, na maduka nayo yalibaki yamefungwa. Washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa waingie kazini, na baadhi yao walitishiwa kunyimwa mshahara. Umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, na kabla ya saa tatu jengo lilikuwa limeshalala chini. Waliokufa walikuwa 1,134.

Nyufa zilikuwa zilezile kwa wote. Wafanyakazi wa benki walinusurika kwa sababu mwajiri wao aliliamini neno la mhandisi. Washonaji walikufa ingawa neno hilohilo lilikuwa limeshatamkwa, na wengi wao walijua.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Kila jengo linapoporomoka katika miji yetu, mjadala hukimbilia saruji hafifu, nondo nyembamba na wahandisi wa bandia. Hayo ni ya kweli na lazima yashughulikiwe. Lakini jengo ambalo watu wameshahamia haliwezi kurudishwa mezani likachorwa upya. Kilichobaki ni kulichunga, na katika kulichunga ndipo sheria zetu na desturi zetu zilipo dhaifu kuliko mahali pengine popote. Dai langu ni hili: kupima ufa ni kazi nyepesi na ya bei nafuu. Kigumu ni kuamua nani aone vipimo na nani awe na mamlaka ya kuwatoa watu ndani.

Wengi hudhani upimaji unahitaji mitambo. Penseli inatosha kuanzia. Unachora kistari pale ufa unapoishia, unaandika tarehe pembeni, na baada ya wiki chache unaona kama ncha imesogea. Ukitaka kujua upana, unafunga skrubu mbili ndogo, moja kila upande wa ufa, kisha unapima umbali kati yake kwa kalipa. Zikiwa tatu, zimepangwa pembetatu, utajua pia kama upande mmoja wa ukuta unashuka kuliko mwenzake. Mafundi wa zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, ukuta umesogea, ila kioo hakikuambii umesogea kiasi gani wala kuelekea wapi. Siku hizi kuna vibao viwili vya plastiki angavu vinavyolaliana, kimoja kina miraba ya milimita na kingine alama ya msalaba, na mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma msalaba umefika mraba upi. Kuinama kwa ukuta hupimwa kwa timazi, ambayo kila mwashi anayo mkobani.

Ugumu uko katika kuzisoma namba. Kipimo kimoja hakisemi kitu, na hata kumi huweza kudanganya. Zege na matofali hupanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, kwa hiyo kipimo huchukuliwa saa ileile ya siku. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopatikana sehemu nyingi za Nairobi na Dodoma, ardhi huvimba mvua zikinyesha na husinyaa wakati wa kiangazi, na nyumba hupanda na kushuka pamoja nayo. Ufa wa namna hiyo hufunguka ukame ukizidi na hujifunga mvua zikirudi. Atakayeupima miezi mitatu ya kiangazi atasema nyumba inaanguka. Atakayeupima miezi mitatu ya mvua atasema imepona. Inabidi mwaka mzima upite ndipo ujue kama ufa unakwenda na kurudi tu, au kila unaporudi unabaki mpana kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Huo wa pili ndio wa kuogopwa.

Watafiti wa Uingereza waliandaa mizani ya uharibifu wa kuta ambayo wahandisi wa nchi nyingi wanaitumia hadi leo. Nyufa zisizofika milimita 1 wameziweka daraja la rangi na plasta, zile za hadi milimita 5 daraja la ukarabati wa kawaida, na zinazozidi milimita 25 daraja la hatari ya kuanguka. Wao wenyewe walionya kwamba upana si kigezo pekee. Tena mizani ile ni ya kuta za matofali. Ufa wa nusu milimita unaokata mshazari karibu na pale boriti ya zege inapokaa juu ya nguzo unapaswa kututisha kuliko wa milimita 5 kwenye ukuta wa kugawa vyumba. Pwani kuna chumvi pia. Nondo zikishika kutu huvimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka kufuata mstari wa nondo. Doa la kahawia kwenye ufa wa nguzo, Mombasa au Dar es Salaam, halipaswi kusubiri mwaka wa vipimo. Linahitaji mhandisi wiki hiyohiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi methali hiyo tumeitii kwa mikono. Mpangaji mpya anapokaribia kuhamia, fundi huitwa na ndoo ya plasta na rangi. Ufa hutoweka, na historia yake yote hutoweka pamoja nao: ulianza lini, uliongezeka kasi gani, ulisimama au la. Miaka miwili baadaye hufunguka tena palepale na mpangaji aliyepo huambiwa ni mpya. Kuziba kabla ya kupima ni kuharibu ushahidi, na ningependa sheria ikiite hivyo.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar madhara yake ni makubwa zaidi. Kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa zikifunikwa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na chokaa hulegea nyuma ya uso ulio safi. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo lililotazamwa kuliko nyumba nyingine yoyote visiwani. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Kati ya onyo la kwanza na anguko la pili kulikuwa na miaka minane. Simlaumu fundi yeyote. Kulikarabati jengo lililochoka ni kazi ya hatari sana. Ila miaka minane inaonyesha kwamba kuonekana kwa ufa na kuchukuliwa kwa hatua ni mambo mawili, na katikati yake lazima pawepo kitu cha kulazimisha.

Huruma, Nairobi, pengo hilo liliua watu wengi zaidi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jengo la wapangaji lililojengwa kando ya mto lilianguka na kuua watu 52. Lilikuwa limeshatajwa miongoni mwa yale ya kubomolewa. Mamlaka zilijua, na waliolala ndani waliendelea kulipa kodi. Wakazi wa Nairobi wanaifahamu alama ya X inayopakwa kwenye kuta za majengo ya kubomolewa, na wanafahamu pia kwamba watu huishi nyuma ya alama hiyo miezi na miaka. Si kwamba hawaogopi. Mama mwenye watoto watatu anayelipia chumba kimoja hana amana ya kulipa kwingine, na akiondoka katikati ya mwezi amana aliyoiacha haimfuati. Kumwambia ahame bila kumwambia alale wapi ni kumkabidhi uamuzi ambao hana uwezo wa kuutekeleza.

Kariakoo, Dar es Salaam, inaongeza swali jingine. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lenye maduka lilianguka asubuhi na kuua watu zaidi ya 20. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa kazi ya kupanua eneo la chini ilikuwa ikiendelea. Hapa mwaka wa vipimo usingesaidia kitu. Unapochimba chini ya jengo lenye watu, au kando ya msingi wa jirani, mwendo hupimwa kila siku na penye hatari kila saa, na watu hutolewa kabla koleo la kwanza halijaingia ardhini. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo baada ya msiba, na ilifanya vyema. Kinachohitajika zaidi ni kila mpangaji na kila jirani wa eneo la kuchimba awe na haki ya kudai vipimo hivyo, na kazi isimame siku anapokataliwa.

Ukaguzi wa lazima wa majengo yanayokaliwa si ndoto. Singapore iliamua kuuweka baada ya Hotel New World kuanguka tarehe 15 Machi 1986 na kuua watu 33. Uchunguzi uligundua kuwa mkokotoaji wa jengo alisahau kuhesabu uzito wa jengo lenyewe. Tangu mwaka 1989 sheria ya huko inataka majengo ya makazi yakaguliwe na mhandisi kila miaka 10, na mengine kila miaka 5. Florida, Marekani, ilijifunza kwa uchungu kwamba muda mrefu haufai. Champlain Towers South, jengo la ufukweni katika mji wa Surfside, lilikuwa likikaribia ukaguzi wa mwaka wa 40 lilipoanguka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeshaeleza uharibifu wa zege. Wamiliki walibishana juu ya gharama, na mchango wa dola milioni 15 ulipitishwa miezi michache tu kabla ya anguko. Sheria mpya ya mwaka 2022 ilishusha ukaguzi wa kwanza hadi mwaka wa 30, na miaka 25 karibu na bahari. Imeleta usalama, na imeleta michango mizito inayowalemea wazee wenye nyumba na pensheni ndogo.

Jambo hilo la gharama silipuuzi. Tukichukua sheria ya Singapore kama ilivyo na kuibandika Manzese, Dar es Salaam, au Mathare, Nairobi, wenye nyumba watapandisha kodi, au watanunua hati za ukaguzi kwa mhandisi asiyefika hata mlangoni. Wahandisi waliosajiliwa hawatoshi kupanda ngazi za kila jengo. Kwa hiyo ningeanzia chini kabisa. Kila jengo la ghorofa tatu na kuendelea lenye wapangaji liwe na daftari la nyufa, na nakala ya ukurasa wa mwisho ibandikwe mlangoni. Vipimo avichukue yeyote, awe mlinzi, mpangaji au kijana aliyemaliza chuo cha ufundi, kwa tarehe zinazojulikana. Mhandisi aliyesajiliwa alisome daftari kila mwaka na aitwe haraka mstari uliowekwa ukivukwa. Nguvu ya utaratibu huu iko kwenye mstari huo. Uandikwe mapema, kabla ya hofu na kabla ya hesabu za hasara: ufa wa nguzo ukifika kiasi fulani, au ukiongezeka kwa kasi fulani, watu wanatoka, na mjadala unafanyika nje.

Seoul ilionyesha gharama ya kukosa mstari kama huo. Duka kubwa la Sampoong lilikuwa na nyufa kwenye dari ya ghorofa ya tano tangu Aprili 1995. Tarehe 29 Juni zilipanuka waziwazi. Wakuu walikutana, wakafunga ghorofa ya juu, wakaacha biashara iendelee chini yake. Jioni jengo lilianguka na kuua watu 502. Walikuwa na taarifa na walikuwa na muda. Walichokuwa nacho pia ni mauzo ya siku hiyo, na hakuna kilichowazuia kuyaweka kwenye mizani dhidi ya maisha ya watu.

Baadhi ya wahandisi watapinga, na hoja yao ina uzito. Watasema mtu asiye na ujuzi ataona ufa wa plasta akazua taharuki, au ataangalia kibao cha sebuleni huku nguzo ya chini ikiendelea kupondeka. Ni kweli kibao cha plastiki hakiokoi mtu aliye juu ya nguzo inayokatika ghafla, na pale ambapo nguzo au boriti kuu imeguswa, neno "tunaendelea kufuatilia" halifai kutamkwa na mtu yeyote. Lakini mpangaji nampa kazi ya kuandika, simpi kazi ya kutafsiri. Na taharuki hukua zaidi katika jengo ambalo vipimo vyake vinajulikana na mwenye nyumba peke yake. Wenye nyumba watasema daftari mlangoni linashusha thamani ya jengo. Kama thamani ile ilisimama juu ya ufa uliofichwa, aliyekuwa akiilipia ni mpangaji.

Yote haya hayatafanya kazi bila kinga kwa anayetoka. Kodi isimame siku mstari unapovukwa, amana irudi, na mfanyakazi anayekataa kuingia kwenye jengo hilo asikatwe mshahara. Washonaji wa Savar walihitaji kifungu kimoja tu cha namna hiyo. Inabaki fedha ya malazi ya usiku wa kwanza na wiki zinazofuata, ambayo mwenye nyumba mdogo mara nyingi hana. Mamlaka za miji hukusanya ada ya kibali kwa majengo zinazoyaidhinisha. Sehemu ya ada hiyo iwekwe kando tangu siku ya kwanza, kwa jina la jengo husika, itumike wapangaji wake watakapolazimika kutoka.