Maji Yaliyovuliwa Nguo na Maji Yaliyomwagika

Methali za Kiswahili huafikiana katika mengi, ila zipo zinazovutana. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga" humhimiza mtu akamilishe alichokianza, ilhali "maji yakimwagika hayazoleki" humkumbusha kuwa kilichopotea kimepotea. Mvutano huu hudhihirika katika mchezo wa karata wa poka uliokulia Marekani, hasa ule usio na kikomo cha dau, ambamo mchezaji anaweza kuweka mali yake yote mezani kwa mkupuo mmoja. Wachezaji wengi huamini kuwa aliyekwisha kutoa dau kubwa hana tena njia ya kujitoa. Imani hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyosalia ndiyo inayowafilisi watu.

Mathalani, wachezaji wawili wameanza na sarafu za mchezo 1,000 kila mmoja. Kufikia karata ya nne ya wazi, kila mmoja ametoa 600, na kitita ni 1,200. Mpinzani anasukuma 400 zake za mwisho. Mwenzake ana kopa nne na anasubiri ya tano, ambayo pekee ndiyo itakayompa ushindi. Akilipa 400, atakuwa akiwania kitita cha 2,000. Hivyo anahitaji kushinda angalau mara moja katika kila mara tano. Karata asizoziona ni 46, na kopa zilizosalia ni 9, yaani pungufu kidogo ya moja kwa tano. Ijapokuwa ametoa zaidi ya nusu ya mali yake, hesabu inamwelekeza azitupe karata. Lau angekuwa na karata 12 za kumwokoa, ingempasa alipe, hata kama moyo unamdunda.

Ikumbukwe kwamba zile 600 hazikuhesabiwa kama mali yake. Zimehesabiwa kama sehemu ya kitita, na kitita ni cha atakayeshinda. Anayelipa kwa kuwa "ametoa kingi" na anayelipa kwa kuwa kitita kinazidi gharama na hatari hutenda tendo moja, lakini wa kwanza anayazoa maji yaliyomwagika.

Je, methali ya kwanza imebatilika? La hasha. Kiambishi "-ki-" katika "ukiyavulia" ni cha masharti: kinamweka mtu ukingoni, nguo zingali mwilini. Hapo ndipo pa kuamua. Flynn, Mehta na Miller, katika kitabu chao cha mwaka 2007 kuhusu poka hii, walisisitiza kupima uwiano wa akiba na kitita mapema. Mwenye akiba ya 200 mbele ya kitita cha 100 akiweka dau la 100, na mpinzani akalipa, kitita kinakuwa 300 naye amebakiwa na 100 tu. Kwa kawaida hawezi tena kujitoa bila kukosea. Kwa hivyo, dau la kwanza ndilo uamuzi wenyewe. La pili ni utekelezaji tu.

Hapa kamari haisifiwi. Mishahara mingi imeishia mezani kwa kisingizio cha kuoga maji yaliyovuliwa nguo. Methali hiyo inamtaka mtu ayapime maji kabla ya kuvua. Haimwamuru azame kwa sababu tu amekwisha kulowa.