Vidonge vya Vitamini: Kijalizo au Chagizo?

Katika maduka ya dawa ya mji wa Garissa, kama ilivyo Nairobi na Mombasa, chupa za vidonge vya vitamini hupangwa kwenye rafu za mbele, machoni pa kila aingiaye. Nyingine huwasili ndani ya mikoba ya ndugu waliohamia Minneapolis, London au Oslo, zikatolewa kama zawadi kwa wazee na vijana. Maandishi yake huahidi nguvu, kinga na maisha marefu. Kwa hiyo ni swali la haki kuuliza: je, kuna faida yoyote kumeza kidonge cha vitamini kila siku ya Mungu?

Wapo wanaojibu kwamba vidonge hivi ni utapeli mtupu, na wapo wanaovitukuza kana kwamba ni maji ya uzima. Makala haya yanashikilia kwamba kambi zote mbili zimekosea, kwa kuwa zinajibu kabla ya kujua anayeulizia ni nani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunayo istilahi ya sarufi inayoweza kulifumbua fumbo hili. Tazama sentensi: "Mama ni mjamzito." Liondoe neno la mwisho, nayo sentensi itaning'inia, "Mama ni...", isipate maana. Neno hilo ni kijalizo. Sasa tazama hii: "Mwanafunzi amekula vizuri." Ondoa "vizuri", na sentensi ingali imesimama: "Mwanafunzi amekula." Hiyo ni chagizo. Kidonge cha vitamini ni kijalizo kwa mtu mwenye pengo mwilini, na ni chagizo kwa mtu aliyekwisha kukamilika. Huku kwetu Kaskazini Mashariki mwa Kenya, msiba ni kwamba mara nyingi chagizo hununuliwa na kijalizo hukosekana.

Tuanze na asili ya mambo. Mwaka wa 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliyekuwa Mskoti kwa kuzaliwa, aliwapa mabaharia wenye kiseyeye tiba mbalimbali akazilinganisha. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Neno lenyewe "vitamini" lilichipuka mwaka wa 1912 katika maandishi ya Casimir Funk, mwanasayansi mzaliwa wa Poland. Hivyo, tangu mwanzo elimu ya vitamini ilikuwa elimu ya upungufu: mwili umenyimwa kitu fulani, umeugua, umerudishiwa, umepona. Hakuna aliyeahidi kwamba asiyenyimwa kitu, akiongezewa, atapona zaidi ya kupona.

Ugonjwa huo wa mabaharia haukuishia baharini. Wafugaji wa nyanda kame wameishi karne nyingi pasipo bustani za michungwa, na bado kiseyeye hakikuwa desturi yao. Sababu moja ni maziwa, hasa ya ngamia, ambayo yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Mfugaji anapotenganishwa na mifugo yake, kinga hiyo humwondoka. Mapema katika miaka ya 1980 kiseyeye kilizuka katika kambi za wakimbizi nchini Somalia, ambako watu waliishi kwa posho ya nafaka, maharagwe na mafuta bila maziwa wala matunda. Hata katika karne hii, kati ya 2017 na 2018, vijana wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, waliugua kiseyeye. Wakapewa vitamini C, wakapata nafuu. Kwa vijana wale kidonge kilikuwa kijalizo kamili.

Jambo hili linaigusa Garissa moja kwa moja. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa karibu na Dadaab mnamo 1991 na 1992 kwa watu wapatao 90,000, na kufikia ukame wa mwaka wa 2011 zilikuwa na idadi iliyokaribia nusu milioni. Nje ya kambi, ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulifuatana na misimu mitano ya mvua iliyokosekana, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikaangamia katika kaunti kame za Kenya. Ngamia au ng'ombe anapokufa Lagdera au Fafi, familia hupoteza fedha, na hupoteza pia vitamini za watoto.

Mfano wa pili wa kijalizo ni mama mjamzito. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubishi uliofanywa Kenya mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba takribani wajawazito wanne kati ya kumi walikuwa na upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi la B. Chuma husaidia kujenga damu, na mwenye damu ya kutosha huwa na akiba anapovuja wakati wa kujifungua. Asidi ya foliki hulinda uti wa mgongo wa mtoto, ambao huundika katika wiki nne za kwanza, kabla mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Vidonge hivi hutolewa bila malipo katika kliniki za umma, pale akiba inapokuwapo. Lakini mama anayehama na mifugo huenda akaifikia kliniki mimba imekwisha kuwa kubwa, au asiifikie kabisa. Hapa ndipo "kila siku" ina maana yake halisi.

Isitoshe, si kila kijalizo humezwa kila siku. Vitamini A hukaa akibani katika ini. Kwa hiyo mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa dozi moja kubwa kila baada ya miezi sita. Zipo pia wiki za Malezi Bora, ambazo kwa miaka mingi zimefanyika mwezi wa Mei na Novemba. Matone mawili matatu mdomoni, mara mbili kwa mwaka, hulinda macho ya mtoto na kumsaidia kustahimili surua na kuhara. Mzazi anayeikosa siku hiyo, kisha akanunua chupa ya sharubati yenye picha ya mtoto mnene, ameacha la faradhi akashika la sunna.

Sasa tumgeukie mwenye chagizo. Huyu ni mtu mzima mwenye afya, anayekula wali kwa nyama, maziwa, ndizi na embe za mashamba ya kandokando ya Mto Tana, kisha akameza kidonge "kwa usalama". Utafiti unamwambia nini? Mwaka wa 1994 nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa; waliopewa beta-karotini, chanzo cha vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mwaka wa 1996 utafiti wa aina hiyo nchini Marekani ulikatizwa kwa sababu ya madhara kama hayo. Mwaka wa 2024 uchambuzi wa Wamarekani 390,124 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20 haukuona kwamba wamezaji wa vidonge vya kila siku waliishi zaidi ya wasiomeza. Haki inatudai tuseme pia kwamba utafiti wa mwaka wa 2012 juu ya madaktari wanaume wa Marekani uliona upungufu mdogo wa saratani, wa asilimia 8, kwa waliomeza vidonge mseto. Lakini maradhi ya moyo hayakupungua. Faida, ikiwapo, ni haba.

Wengine watasema: "Kama hakifai, angalau hakidhuru." La hasha! Vitamini C ya ziada hutoka na mkojo, lakini vitamini A na D hubaki mwilini na kulimbikizana. Vitamini A nyingi kupita kiasi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vidonge vya chuma vinavyomwokoa mama vinaweza kumuua mtoto mdogo aliyevibugia akidhani ni peremende. Tena fedha nazo zina madhara zikipotea: iweke bei ya chupa ile kando ya bei ya maziwa ya ngamia na fungu la sukuma wiki sokoni, kisha uhesabu.

Vipi kuhusu zawadi za ndugu wa ughaibuni? Huko Oslo, wakati wa kipupwe, jua ni dhaifu, na mtu mweusi aliyejifunika hupata vitamini D kidogo mno. Kwake kidonge ni kijalizo. Chupa hiyo hiyo ikifika Garissa, karibu na mstari wa Ikweta, dhima yake hubadilika kama neno linavyobadilika likihamishwa kutoka sentensi moja hadi nyingine. Anayeshinda ndani mchana kutwa, au ambaye ngozi yake haioni jua, na apimwe kwanza. Wengine jua linawatosha.

Ipo hoja nzito zaidi: kwamba kugawa vidonge ni kuisamehe serikali isishughulikie chakula. Hoja hii ina ukweli. Kanuni za mwaka wa 2012 ziliwataka wasagaji wa Kenya watie virutubishi katika unga wa mahindi na wa ngano, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Mchele haukutajwa, ilhali wali ni chakula kikuu katika nyumba nyingi za Garissa. Basi tudai barabara, maji, soko la maziwa na chakula kilichoimarishwa. Lakini mimba haingoji barabara ikamilike. Mpaka sahani itimie, kidonge kimfikie mama alipo, hata kama ni kwa kliniki ya kuhamahama.

Mwisho, kuna deni letu sisi watu wa lugha. Vidonge vya chuma huitwa "dawa ya damu", na asiyeugua hujiuliza dawa ya nini. Wapo wanaohofia kwamba vitamkuza mtoto hadi uzazi uwe mgumu. Wapo wanaoviacha kwa sababu ya kichefuchefu au choo cheusi, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza mapema kwamba hayo ni ya kawaida. Ni wachache wanaoambiwa kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, na kwamba ni heri ingoje saa moja au mbili. Au kwamba katika Ramadhani kidonge kinaweza kumezwa baada ya futari. Kakuma mwaka wa 2009, unga wa virutubishi ulipogawanywa, watu wengi waliacha kuuchukua, na miongoni mwa sababu ni kwamba vifuko vyake vilifanana na vya kondomu. Kisayansi unga ule haukuwa na kasoro. Mawasiliano ndiyo yaliyokuwa nayo.

Hata jina "virutubishi vya ziada" linapotosha, kwa maana ziada ni kitu kilichozidi, na mama mwenye upungufu wa damu hana kilichozidi. Ninapendekeza tuviite vijalizo, na vyama vyetu vya Kiswahili vishirikiane na wauguzi na wasemaji wa Kisomali kuandaa maelezo mafupi yanayoeleweka: kidonge hiki ni cha nani, cha kazi gani, kimezwe lini, na nani asikiguse.

Kwa mwenye afya na sahani kamili, jawabu langu ni hili: usiache mbachao kwa msala upitao. Kunywa maziwa, kula embe, hifadhi fedha zako. Kwa mjamzito wa Balambala, kwa mtoto wa Hagadera, kwa familia iliyozika ngamia wake, kidonge kina thamani, tena kubwa. Kabla ya kuuliza kama vitamini zinafaa, tuulize kwanza sentensi ya nani haijakamilika.