Kilele cha Mawenzi kipewe jina lake

Kwa Mhifadhi Mkuu,
Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Ndugu Mhifadhi,

Salamu kutoka upande wa Rombo, ambako Mawenzi ndiyo mlima wenyewe na Kibo huchungulia tu nyuma yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera juu ya Kibo, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Wajerumani kikawa Uhuru. Kazi ile iliishia Kibo. Ng'ambo ya pili ya tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi, kwenye kilele cha Mawenzi chenye mita 5,149, ramani bado zinaandika Hans Meyer. Mtu huyo alifika juu ya Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Hilo hakuna anayemnyima. Lakini juu ya Mawenzi hakufika. Waliofika kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912. Yaani hata kwa kipimo cha wakoloni wenyewe, jina limekaa pasipo pake! Vilele vya jirani navyo ni Purtscheller, Borchers, Klute, Latham: ukivisoma kwa mfululizo utadhani ni orodha ya wageni wa hoteli.

Na huu si mlima wa kupuuzwa. Ungesimama peke yake ungeuzidi Margherita wa Rwenzori, wenye mita 5,109. Wageni wengi huupiga picha wakielekea Kibo, wakapita. Sishauri waupande: miamba yake imeoza, mawe huporomoka, na bila kamba na ujuzi ni kutafuta kifo.

Ombi langu ni moja. Najua majina ya ramani hayabadilishwi na ofisi yako peke yake, ila mchakato unaweza kuanzia kwako. Waiteni wazee wa Rombo, Mamba na Marangu, pamoja na waongozaji na wapagazi, muwasikilize. Wazee wetu husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kichwa chake kimechongoka hivi. Penye simulizi kama hiyo majina hayawezi kukosekana.

Oehler na Klute wabaki kwenye vitabu na kwenye mabango ya historia, ni haki yao. Na jina jipya likipatikana, tafadhali, lisiwe la mwanasiasa aliye hai.

Wako katika kuutunza mlima,
Mkazi wa Rombo